Mjadala: Neno "want" la Zaburi ya 23 kwa Kiingereza libaki au lipishe?

Mwanzisha mada:

Ndugu wasomaji, naleta mbele yenu swali linalowagawa wanaosali na kusomesha kwa Kiingereza. Sentensi "The Lord is my shepherd, I shall not want", kama ilivyo katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, iendelee kusomwa hadharani, au ipishe maneno ambayo msikilizaji wa leo anayaelewa? Mimi nasema ipishe, na sababu zangu zimo katika historia ya neno lenyewe.

Mwanafunzi wa leo hufundishwa kwamba "want" ni kutaka. Nimewahi kumsikia mmoja akiisoma sentensi hiyo kisha akauliza, kwa unyofu kabisa, mtu anawezaje kumsifu mchungaji ambaye hamtaki. Kijana yule hakuwa mzembe. Alikabidhiwa neno ambalo maana yake ilikwishahama. Kwa karne nyingi "want" lilikuwa kukosa, kupungukiwa. Lilitoka katika lugha ya Wanorse wa Skandinavia, ambao jeshi lao kubwa liliingia mashariki mwa Uingereza mwaka 865 na ambao wengi wao walibaki huko wakalima na kuoa. Wao walisema "vanta" kwa maana ya kukosa, na neno hilo linaonekana katika maandishi ya Kiingereza kuanzia karibu mwaka 1200.

Waingereza wenyewe walikwishakuwa na ndugu yake, "wan" au "wana", yaani pungufu. Katika Kiingereza cha kale namba kama 29 iliweza kutajwa kwa kusema thelathini kasoro moja, na hapo ndipo msemaji wa Kiswahili anapojikuta nyumbani, kwa sababu kasoro yetu nayo hufanya kazi zote mbili: hupunguza hesabu na saa, na hutaja dosari ya kitu au ya mtu. Likitangulia neno jingine, "wan" lililitia upungufu. "Wanhope", tumaini lenye kasoro, lilikuwa kukata tamaa, na mshairi Mwingereza Chaucer alilitumia katika karne ya 14. "Wanton" kwa asili ni mtu aliyekosa malezi. Wajerumani wana "Wahnwitz", wazimu, lililotokana na neno la kale la kupungukiwa na akili, na Kiswahili kina punguani, lililojengwa juu ya wazo hilohilo. Hata "wane", kupungua kwa mwezi, ni wa ukoo huo. (Neno "wan" la uso uliosawajika silo, hilo lina asili yake nyingine.)

Maana ya kutaka ilijitokeza waziwazi mwanzoni mwa karne ya 18, na njia yake inaeleweka, kwa kuwa anayekosa huhitaji, na anayehitaji hutaka. Kwa hiyo watafsiri wa mwaka 1611 hawakukosea. Lakini waliotupatia Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 waliandika "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu", na hakuna mtoto wa Tanga wala wa Mombasa anayehitaji kufafanuliwa kitenzi hicho. Kwa nini msomaji wa Kiingereza anyimwe uwazi ambao sisi tunao?

Mchangiaji wa kwanza:

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na historia yako naikubali, ila hitimisho lako silikubali. Maana unayoiita iliyohama bado inaishi. Rais Roosevelt alipolihutubia Bunge la Marekani tarehe 6 Januari 1941 akataja uhuru dhidi ya "want", hakukusudia kuwazuia watu wasitake, alikusudia ufukara. Mwanauchumi Mwingereza William Beveridge, katika ripoti yake ya mwaka 1942 kuhusu ustawi wa jamii, alilifanya neno hilo kuwa mojawapo ya majitu matano yanayoizuia Uingereza kujijenga upya, likiwa pamoja na maradhi na ujinga, na sisi tuliolelewa na Mwalimu Nyerere kuwataja maadui ujinga, umaskini na maradhi tunaelewa bila shida jitu hilo ni lipi. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 nalo limelibeba katika utangulizi wake. Tukilifuta katika Zaburi kwa hofu kwamba vijana hawalielewi, kijana huyohuyo atalisoma Tangazo hilo akadhani Umoja wa Mataifa ulitaka kuwaponya watu tamaa. Swali la mwanafunzi wako, kwangu, ni ushahidi kwamba sentensi ilimfanyia kazi, kwa sababu alisimama, akashangaa, akauliza.

Tena kuna wimbo. Zaburi hiyo ilitiwa mizani ya ushairi huko Uskoti mwaka 1650, na "I'll not want" yake imeimbwa na watu wanaozika wapendwa wao. Hao utawaambia nini?

Mchangiaji wa pili:

Naongeza jambo moja ambalo wote wawili mmelipita. Kanisa la Uingereza halikuwahi kutegemea neno hilo peke yake. Mtafsiri Miles Coverdale aliandika "want" katika Biblia yake ya mwaka 1535, lakini Zaburi iliyomo katika Kitabu cha Sala cha kanisa hilo inasema "therefore can I lack nothing", yaani kwa hiyo siwezi kukosa kitu. Kwa karne kadhaa muumini aliweza kuisikia kauli moja katika sala na nyingine katika somo, na imani haikutikisika. Biblia ya Kiingereza cha kisasa iitwayo NIV (New International Version), toleo la mwaka 2011, inaposema "I lack nothing", haijabuni jambo geni.

Mwanzisha mada:

Nawashukuru, ndugu zangu, na hoja ya Tangazo imenifanya nifikiri upya. Hata hivyo naona tumechanganya vitu viwili. Roosevelt na Beveridge walisema kwa Kiingereza, na maneno yao ni yao; hayo yafafanuliwe, yasiguswe. Zaburi ilisemwa kwa Kiebrania. Kilichoandikwa mwaka 1611 ni tafsiri, na tafsiri inamwia msikilizaji deni la maana, deni ambalo haliishi kwa kulipwa mara moja. Wimbo wa Waskoti naukubali ubaki, kwa sababu huo umekuwa shairi linalosimama lenyewe, na anayeliimba kaburini huwa amefundishwa na waliomtangulia.

Somo linalosomwa kwa sauti mbele ya watoto darasani silikubali hivyo. Mchangiaji wa kwanza anasema kijana alisimama akauliza. Yule aliuliza kweli, lakini katika darasa lile wengine walisoma mstari wakaketi, na sikumsikia hata mmoja wao akisema kwamba alielewa vingine. Naomba anayetetea neno la zamani anieleze ni nani atakayewafikia hao.