Tabo ndogo za gesi badala ya jenereta za dizeli Dar: mbona hamuulizi joto linaenda wapi?

Wakuu, nimefuatilia huu ubishi wa kama serikali iyalazimishe majengo makubwa ya Dar yaliyo karibu na bomba la gesi yaachane na dizeli yafunge hizi tabo ndogo, yaani mitambo midogo inayochoma gesi na moto wake kuzungusha jenereta. Huku mnasema dizeli inatuua kwa moshi, kule mnasema tabo inakula gesi bure. Ila kuna kitu mmekiruka.

Chukua tabo ya C30 ya kampuni ya Capstone ya Marekani, kilowati 30. Kompresa (inayosukuma hewa ndani), gurudumu la tabo na sumaku ya jenereta vyote viko kwenye shafti moja, hamna giaboksi wala mkanda, shafti inaelea kwenye hewa kwa hiyo hata oili ya kumwaga hakuna, inazunguka mara 96,000 kwa dakika wakati dizeli letu hili linaenda 1,500. Umeme wake unatoka hezi 1,600 (mizunguko kwa sekunde), ndo maana unageuzwa kwanza DC, umeme usiobadili mwelekeo kama wa betri, halafu inveta inautoa hezi 50 kama wa TANESCO.

Mimi ni fundi majenereta na sitawadanganya: ile C30 inatoa umeme kama asilimia 26 tu ya nishati ya gesi, dizeli nzuri inapita 35. Tena hizo kilowati 30 zimepimwa kwenye nyuzi 15, kwa joto la Dar la Februari hazifiki. Kwa umeme peke yake dizeli inashinda.

Lakini moshi wa tabo unatoka na nyuzi 275 hivi! Kuna hospitali nilikuwa nahudumia, jenereta linanguruma nyuma, masizi yamepanda ukutani mpaka dirisha la wodi, na hatua kumi pembeni boila nalo linachoma dizeli yake kuchemsha maji ya kufulia mashuka. Yaani joto tunalitupa hewani huku tunanunua jingine. Moshi wa tabo ukiupitisha kwenye mtambo wa maji moto, umeme na joto kwa pamoja vinaweza kufika hadi asilimia 80 ya nishati ya gesi.

Kwa hiyo sheria ya kulazimisha wote siitaki. Ofisi inayowasha jenereta kwa muda wa saa mbili tu TANESCO wakikata ibaki na dizeli, tabo ni ghali na Capstone wenyewe 2023 waliomba ulinzi wa mahakama kwa madeni. Ila hospitali, hoteli na viwanda vinavyowasha boila kila siku, na gesi ya kisiwa cha Songo Songo iko Dar tangu 2004, hao ndo wa kuanza nao. Mwenye jengo la hivyo humu atupe bili zake za umeme na za boila, tuzipige hesabu hapahapa.