Naomba ushauri: ninunue moduli gani za data kwa multipleksa zangu?

Mtambo64: Wakuu, heshima kwenu. Ninatunza multipleksa mbili (mashine za kupitisha mikondo mingi ya data katika laini moja) zinazounganisha vituo viwili vya kupozea umeme kwa njia ya E1, yaani laini ya mawasiliano ya kidijitali. Moduli (kadi za kuchomeka) zenye milango ya RS-232, ile ya waya wa data wa masafa mafupi, huleta vipimo kutoka kituo cha mbali kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, lakini kila baada ya dakika mbili hivi ujumbe mmoja huharibika. Nilipoweka lupu, yaani kuirudisha data ilikotoka ili kuipima, dakika sitini zilipita bila kosa hata moja. Ninunue moduli za aina gani?

MzeeWaNguzo: Waya wako una urefu gani? Sisi tulivuta RS-232 mita sitini, ilhali kawaida yake ni mita kumi na tano, tukateseka masika nzima hadi tulipohamia RS-485 inayofika mita 1,200. Vijana wa sasa hampimi waya.

Kangambili: Kununua moduli kabla ya kuujua ugonjwa ni kuagiza sanda kwa sababu ya mafua.

BintiMawimbi: Mtambo64, hujagusia saa, yaani mapigo yanayoongoza kasi ya kutuma biti. Multipleksa ipi inatoa saa, na ipi inaifuata?

Mtambo64: Waya ni mita nne tu, Mzee wangu. Kuhusu saa, kila multipleksa inatumia ya kwake ya ndani. Nilipanga hivyo kwa makusudi, ili laini ikikatika kituo cha mbali kisibaki bila saa. Isitoshe, malipo ya awali ya moduli mpya nimekwisha kuyatoa.

HakikiKwanza: Hii ni chai. Mwenye saa mbili zisizofuatana hawezi kupata lupu safi kwa dakika sitini. Ama hakupima, ama hana multipleksa.

BintiMawimbi: Inategemea lupu iliwekwa wapi. Ikiwekwa upande wa laini ya kituo cha mbali, mkondo hurudi na saa ileile uliyoupeleka nayo, kwa hiyo hakuna cha kugongana. Dakika mbili hizo nazo zinaeleweka: saa zikitofautiana kwa sehemu moja tu katika milioni, E1 yenye biti 2,048,000 kwa sekunde hupishana kwa biti mbili na kidogo kila sekunde, na fremu nzima (fungu moja la data) ya biti 256 huteleza kila baada ya sekunde 125. Moduli yoyote utakayochomeka hapo itapoteza data vilevile.

HakikiKwanza: Basi aseme mwenyewe aliiweka wapi.

Mtambo64: Upande wa laini. Lakini laini ikikatika?

BintiMawimbi: Kituo cha mbali kipe vyanzo viwili kwa mpangilio: kwanza saa ya laini, kisha ya ndani. Laini ikikatika kitajihamishia chenyewe. Na hata hivyo, wakati huo hutakuwa na data ya kupeleka.

Mtambo64: Nitajaribu kesho asubuhi. Tatizo ni kwamba nimekwisha kumwandikia mkuu wa idara kuwa moduli ndizo mbovu.

MzeeWaNguzo: Hizo mita nne ulizipima, au ulikadiria?