Rododendroni langu limekuwa njano, nimekosea wapi?

MamaTatu: Wadau habari za wikiendi. Niko Kent huku Uingereza, mwaka juzi nilinunua rododendroni, lile ua la majani mapana magumu hayapukutiki hata baridi ikibana vipi. Mwaka wa kwanza lilichanua pinki mpaka majirani wanasimama getini. Sasa majani yamekuwa njano ila mishipa imebaki kijani, kama ramani ya mito vile, na maua mwaka huu sijaona hata moja. Maji ya bomba nalimwagilia kila siku, na majivu ya jiko la nyama choma namwaga pale shinani kama mama alivyokuwa anafanya kwenye migomba. Tatizo nini jamani?

chai_mufindi: Dada, mchawi wako ni majivu. Mimi nimekulia kwenye chai, na hilo ua linataka udongo wa asidi kama chai tu, pH (kipimo cha asidi) 4.5 mpaka 6 hivi. Majivu kazi yake kama chokaa, yanaua asidi, chuma kinakuwepo udongoni lakini mizizi haikipati, ndo hiyo njano. Halafu hebu chungulia ndani ya birika lako, ule ukoko mweupe ni chokaa ya maji ya bomba, ndo unaolinywesha kila siku. Tega pipa la mvua.

fundi_bustani: Weka siki kikombe kimoja kwenye ndoo, litarudi lenyewe

babu_glasgow: Siki utaunguza mizizi bure. Mama, Kent sehemu nyingi chini ni chaki, yaani mwamba wa chokaa, utapigana na ardhi mpaka uzeeke. Ling'oe tu, mizizi yake iko juujuu imesambaa kama mkeka, chimba kwa upana utoke na bonge lake, weka kwenye chungu kikubwa chenye matundu, mboji tafuta mfuko ulioandikwa ericaceous, yaani ya mimea inayopenda asidi, na usilizamishe, bonge libaki usawa ule ule. Juu tandaza majani ya msonobari. Nunua na ile dawa ya chuma ya kuchanganya na maji, utaona majani mapya yanatoka kijani. Agosti na Septemba usiliache likakauka kabisa, ndo linatunga matumba ya maua ya mwaka unaofuata. Sisi huku Scotland mvua ni kero, ile aina ya ponticum imekuwa gugu hasa, watu wanalipwa kuifyeka msituni.

MamaTatu: Nimetoka kuangalia birika nimecheka peke yangu 😂 Asante babu, asante kaka. Ila nina mbwa anatafuna kila kitu, haina shida?

chai_mufindi: Ina shida sana. Majani, maua, vyote sumu, mbwa hata mbuzi. Kaa nalo mbali naye.

MamaTatu: Basi chungu kinahamia mbele, mbwa anabaki nyuma. Baba watoto nimeshamwambia majivu yake ajue pa kuyapeleka.