Siku sita porini bila mtandao: hema, kibanda, au msafara wenye kiongozi?

Rangi_Tatu (mwanzisha mada)
Habari zenu wadau. Nimeishiwa mawazo. Mimi ni mbunifu wa nembo na majalada, najitegemea, huu mwaka wa tisa. Majuzi mteja kataka mapendekezo matatu. Nikayachapa, nikayapanga mezani, nikaona ni wazo moja nimelivalisha nguo tatu. Na wazo lenyewe nilishamuuzia mtu mwingine zamani.

Nimejitengea siku sita, safari ya kwenda na kurudi ikiwa humo humo. Sitaki umeme, sitaki mtandao. Nimebakiwa na njia tatu:

Hema, peke yangu. Uhuru wote, ila sijawahi kulala porini zaidi ya usiku mmoja.

Kibanda cha mbao: kitanda, jiko la kuni, basi. Unashushwa, siku ya sita unafuatwa.

Msafara wa watu wanane na kiongozi. Mnatembea kila siku, na simu zinafungiwa sandukuni tangu mwanzo.

Ipi inarudisha akili mahali pake? Na daftari la michoro nibebe au niliache?

Jicho_la_Kioo
Mkuu, mimi ni mpiga picha za wanyama. Kuna miaka nimelala kwenye hema kuliko kitandani, na bado nakwambia: hema hapana, si kwa mara ya kwanza na si ukiwa umechoka hivyo. Hema la peke yako ni ajira. Unatafuta sehemu tambarare isiyotuamisha maji, unachemsha maji ya kunywa (yatokote dakika moja kamili, ukipita mita 2,000 juu ya bahari, dakika tatu), unachimba choo angalau mita 60 kutoka mtoni. Ukimaliza, jua limezama. Halafu mvua inaanza kupiga turubai na wewe uko macho, unapapasa pembe za hema kwa vidole kuona kama zimelowa.

Chukua kibanda.

sauti_ya_chini
Namheshimu Jicho ila hapo tunatofautiana. Hiyo kazi ya mikono ndiyo dawa yenyewe. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia, walieleza kwamba kuna umakini wa kujilazimisha, ule unaoutumia mbele ya skrini, na huo huchoka. Upo mwingine unaovutwa wenyewe na moto, maji, mawingu, na huo hauchoshi. Kuni zikikataa kuwaka hukumbuki nembo ya mtu.

Kwa siku sita mimi ningechagua msafara. Mwaka 2012 Ruth Ann Atchley, David Strayer na Paul Atchley walichapisha utafiti wa watu 56 waliokuwa kwenye misafara ya porini bila vifaa vya kielektroniki. Waliopewa mtihani wa ubunifu asubuhi ya siku ya nne walipata alama za juu kwa karibu nusu kuliko waliopewa kabla ya kuondoka. Angalia mambo mawili: ilikuwa siku ya nne, si ya pili, na walikuwa kwenye vikundi. Watafiti wenyewe walikiri hawawezi kutenganisha kipi kilisaidia, pori au kukosa simu. Sasa piga hesabu. Siku sita ukitoa mbili za njiani zinabaki nne. Ukipoteza moja kujifunza kusimamisha hema, umepungukiwa.

Jicho_la_Kioo
Kwenye kikundi usiku wa kwanza lazima mtu aulize, "Wewe unafanya kazi gani?" Ukishajibu, mwingine ana biashara yake na anataka nembo. Yamenikuta, tena mara mbili.

sauti_ya_chini
Hahaha, hilo kweli. Sisi tulikubaliana hakuna kutaja kazi mpaka usiku wa mwisho. Nilitembea siku nne na mtu nikimdhania mwalimu, kumbe mpiga ngoma kama mimi.

Kalamu_Butu
Naandika tamthilia. Kibanda nimekaa, siku saba, na niliharibu kila kitu kwa kosa moja: nilibeba muswada uliokwama. Nikauweka mezani pembeni ya dirisha. Ukawa unanitazama. Siku ya tatu nikaufunika na sufuria.

Tusidanganyane pia kuhusu upweke. Mwandishi Jack Kerouac alikaa siku 63 mwaka 1956 kwenye kibanda cha mlinzi anayeangalia moto wa msituni, juu ya mlima Desolation Peak, Marekani. Alikwenda akitegemea utulivu mkubwa, akakutana na uchovu wa kuwa peke yake mpaka akatamani mji. Henry David Thoreau naye, mwandishi ambaye watu humtaja kama mtawa wa msituni, alikuwa akitembea kwenda kijijini na nyumbani kwao mara kwa mara katika miaka miwili na ushee aliyokaa kwenye kibanda chake kando ya ziwa dogo la Walden. Kwa hiyo ukichoka siku ya pili usidhani una kasoro.

Daftari beba, lakini jipya, lisilo na mstari wa kazi yoyote.

Na usiku usiwashe taa kali. Mwaka 2013 Kenneth Wright na wenzake waliwapeleka watu wanane kambini kwa wiki moja, mwanga wao ukiwa jua na moto wa kambi tu. Mwili ukaanza usiku wake mapema kuliko nyumbani, kwa tofauti ya takriban saa mbili. Mimi nilibeba taa yangu ya kusomea na nikaendelea kulala usiku wa manane kama kawaida. Ujinga.

Mama_Vikaragosi
Rangi_Tatu pole sana mwaya. Kuhusu njia sina ubishi na yeyote hapo juu. Langu ni simu. Nilikwenda kwenye kibanda na simu "kwa ajili ya picha tu". Siku ya nne nikapanda kilima, nikaifungua nipige mawingu, kumbe nilikuwa sijazima mtandao na pale juu kuna minara inaonekana. Ikatetemeka mkononi. Barua pepe ya mstari mmoja: "Tumebadilisha mawazo kidogo." Nilishuka kile kilima na sioni hata njia. Siku mbili zilizobaki nilikuwa nahariri kichwani.

Hata ukiiacha, paja litakudanganya kwamba inatetemeka mfukoni. Kwangu iliisha siku ya tatu.

Ila kwenda bila simu si kwenda bila msaada. Azima au kodi kifaa cha dharura cha setilaiti, uhakikishe kimesajiliwa na betri ni nzima. Mwachie mtu mmoja ramani ya ulipo na saa ya kurudi, mkubaliane ikipita kwa saa ngapi ndipo aite waokoaji. Na jiko la mkaa usiingize ndani ya hema wala kibanda kilichofungwa hata baridi iume vipi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, mtu anaenda usingizini.

Wateja waambie siku nane, si sita. Siku mbili za kuizoea tena kazi utazihitaji.

Rangi_Tatu
Ahsanteni sana. Nimelipia kibanda. Msafara ulinivuta, lakini hilo swali la kazi limenitisha kuliko mvua. Ile hoja ya mikono nimeichukua: nimemwomba mwenye kibanda asinichanjie kuni. Wateja nimewaambia siku nane, mmoja kanuna. Simu naiacha kwa dada yangu, yeye ndiye mwenye ramani.

Daftari jipya ninalo, kurasa tupu kabisa. Kule asubuhi ni karibu na barafu. Nibebe kalamu gani?

Jicho_la_Kioo
Penseli, na kisu cha kuichongea. Kalamu ya wino itakugomea kwenye baridi hiyo, utaishia kuipasha moto kwapani.