Ripoti za maabara zinapikwa, sasa ubora wa uhandisi chuoni unaanzia wapi?

Zege_MwakaWa3
Wakuu habari zenu. Nasoma sivil hapa Dar, kuna kitu kinanikera. Juzi maabara tumevunja kyubu (michemraba) za zege za siku 28 kupima nguvu, zile za sentimita 15 kwa 15, zege ya C25, yaani inatakiwa ifike nyutoni 25 kwa milimita mraba. Mbili zimetoka poa, ya tatu mashine ikasoma kilonyutoni 365, ukigawa kwa eneo ni kama 16.2 tu. Nikasema tuandike hivyo hivyo, wenzangu wakasema unatuchelewesha, wakaandika 25.4 ripoti ikaenda. Imerudi na 8 kwa 10! Halafu chuo kina ofisi nzima ya uthibiti ubora, kila semista tunajaza fomu, TCU, wale wa tume ya vyuo vikuu, wakikaribia kuja maabara inapakwa rangi. Nauliza kwa nia njema, huo utamaduni wa ubora unakaa wapi hasa?

Fundi_Saiti
Mdogo wangu umeuliza la maana sana. Na mimi nilipika data chuoni, nikaja kuumbuka kwenye SEAP, ile miaka 3 ya mafunzo kazini ya ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, unakaa chini ya injinia aliyesajiliwa. Siku ya kwanza bosi kanipa koni ya slampu, ile ya kupima ulaini wa zege mbichi, tabaka 3 kila moja mipigo 25, mi nimepiga kama 12 nikaona inatosha. Akaimwaga yote chini, akasema anza upya. Alisimama pale mpaka nikamaliza. Hiyo kyubu yako uliiangalia ubavuni? Ikiwa na matundu haikushindiliwa, na hapo ndipo palikuwa na ripoti yenyewe.

Mwl_Mhandisi
Nafundisha uhandisi, chuo sitaji. Kosa kubwa ni letu walimu, tuseme ukweli. Ukiwa na ripoti 180 na teknishani mmoja unaishia kuangalia kama jibu limekaribia, basi kijana anajifunza kwamba namba nzuri ndiyo maksi. Mwaka jana nimebadilisha: nusu ya maksi inaenda kwenye karatasi ya vipimo iliyosainiwa na teknishani palepale, na aya moja ya kueleza kwa nini jibu limepotoka, mwanzoni walilalamika sana ila sasa wananifuata ofisini kuuliza habari za mchanga na maji, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kuhusu fomu, wanafunzi waliandika mihula mitatu mfululizo kuwa mashine haijapimwa usahihi wake, hakuna aliyewajibu, wa nne wakaacha kuandika. Ukiulizwa maoni halafu usijibiwe utaweka vema tu uondoke.

binti_umeme
Mwalimu nakuelewa ila sisi tuko 15 kwenye osiloskopu moja, ile mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, anayeshika ni mmoja, wengine tunapiga picha skrini. Hata nikitaka kuwa mkweli, napima saa ngapi?

Mwl_Mhandisi
Binti hapo una haki kabisa. Mimi nimewagawa watanowatano, zamu za jioni, teknishani nikamwombea posho. Imechukua miezi na barua nyingi.

Zege_MwakaWa3
Asanteni wakuu. Nimeenda nyuma ya maabara, vipande bado vipo. Upande mmoja una matundu, ncha ya kidole inaingia. Nimempelekea mwalimu namba ya kweli pamoja na picha, hajanifokea, kasema Jumatatu tumwage tatu nyingine na mimi ndiye nishindilie.