Mimea ya asili mbele ya nyumba: bustani au kichaka?

Mada: Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, inamkataza mwenye eneo kuliacha lizongwe na kichaka au nyasi ndefu ambazo, kwa maoni ya afisa wa afya, huenda zikahifadhi mbu. Kimo cha nyasi hakitajwi. Kamati za mitaa zinajaza pengo kwa neno "nadhifu", na mwenye mimea ya asili kama mitandamboo na mishubiri anahesabiwa sawa na aliyetelekeza kiwanja. Neno hilo libaki?

Mwenye kitalu: Liondoke. Mbu hazaliwi kwenye nyasi, anazaliwa majini. Yule wa malaria hupenda vidimbwi vya muda vinavyopigwa na jua. Yule wa dengi hutaga kwenye matairi, ndoo na visahani vya vyungu. Kutoka yai hadi mbu arukaye ni kama wiki moja au mbili. Andikeni "maji yamwagwe kila siku ya tano". Litasaidia kuliko fyekeo.

Afya ya jamii: Hiyo ni nusu ya hoja. Mbu mzima hushinda mchana kwenye majani yenye kivuli na unyevu, ndiyo maana sheria inasema kuhifadhi. Makwapa ya majani ya migomba na magimbi nayo hushika maji. Panya wakipata maficho, nyoka hawachelewi. Nataka mita moja ya kokoto kuzunguka kuta, na matawi yasiguse paa.

Mwenye kitalu: Kokoto sawa. Ila mnajua nyasi za kikuyu ndizo za asili hapa nyanda za juu, na huko California ni gugu? Lantana, jakaranda na bogonvilia, hizo zote zimetoka Amerika. Kamati inasifu ua wa lantana na kuiita mitandamboo pori!

Fundi bustani: Tuseme ukweli, bustani nyingi za namna hii huharibika mwaka wa kwanza. Mtu hutandika maboksi ya karatasi ngumu juu ya nyasi za kikuyu ili zife, kisha anashangaa zimechomoza pembeni. Anza na mfereji wa sentimita 20 ukingoni, ng'oa mizizi inayotambaa, ndipo utandike maboksi tabaka mbili yakipandana sentimita 15. Juu yake matandazo ya sentimita 10, yasiguse shina, la sivyo litaoza. Panda masika yakianza. Palilia kila wiki mbili, maana kishona nguo hukua haraka kuliko miche. Ukiacha kupalilia, jirani akilalamika ana haki.

Mzazi: Na matunda? Mtandamboo unaliwa, msunguti unaua; ndio wa sumu ya mishale. Yote ina utomvu mweupe na matunda yanayoiva kuwa meusi.

Mwenye kitalu: Mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Msipande msunguti penye watoto, na hilo liandikwe kwa jina.

Afya ya jamii: Basi sharti liwe hivi: maji, mita moja ukutani, mimea ya sumu kwa majina, na kwenye kona ya barabara kimo cha mimea yote kisizidi sentimita 75 ili dereva aone.

Fundi bustani: Ongezeni miezi 12 ya kuvumilia kabla ya faini.

Mzazi: Kumi na miwili mingi. Sita, na palizi ionekane.