Mahali pa kula ugenini ambapo hapajawatoka akilini ni wapi? (Nami nitalala Addis usiku mmoja)

Mtanga wa Ngamiani

Habari za jioni jamani. Mwezi ujao namrudisha mama Chennai kwa daktari wake, aangaliwe moyo baada ya ule upasuaji wa mwaka juzi, na safari hii tiketi imetulaza Addis Ababa usiku mmoja. Mwenye kuijua Addis naomba anielekeze pa kula na mama. Na wengine, hata kama Addis hamjafika, nihadithieni mahali pamoja tu, mgahawa au baa, ambapo mlikaa ugenini na mpaka leo hapajawatoka akilini. Naanza mimi.

Tulikaa Chennai wiki tano. Nilipanga chumba uchochoro wa nyuma ya hospitali, mtaa ambao kila mtu anaishi kwa wagonjwa: maduka ya dawa, wauza laini za simu, wauza madafu. Mama yuko chumba cha mahututi, naruhusiwa kumwona nusu saa kwa siku. Wiki nzima ya kwanza nilikula biskuti na ndizi. Si kwamba chakula hakikuwapo, nilikuwa sitaki kuonja kitu.

Siku ya nane mlinzi wa pale nilipopanga, ambaye hatukuwa na hata neno moja la kusikilizana, alinionyesha mkono mdomoni, akanifungia mlango, akanipeleka mwenyewe mpaka kona. Ndani meza ndefu za jiwe, mabenchi, hakuna orodha ya vyakula. Wenyewe mahali kama pale wanapaita "messi". Unakaa palipo na nafasi, unawekewa jani la mgomba mbele yako, ncha ikielekea kushoto. Unalinyunyizia maji, unalifuta kwa kiganja. Anapita kijana na ndoo ya chuma na upawa, anamwaga wali. Nyuma yake mwingine na ndoo ya sambari, mwingine na kachumbari na achari, mwingine na papadi. Ukimaliza wali wanakuongeza bila kuulizwa, mpaka uzuie kwa mkono.

Sasa ile sambari. Ni mchuzi wa mbaazi zilizoparazwa, uliotiwa ukwaju, na ndani mnaelea vipande virefu vya kijani nikadhani mti gani huu. Kumbe ni mlonge! Ule ule mlonge ambao kwetu tunachuma majani tu, wao wanapika yale maganda yake marefu. Unauma, unafyonza nyama ya ndani, makapi unayaweka pembeni. Na nilipoinamia jani, harufu iliyonipanda ilikuwa ya mvuje. Kwetu mvuje ni wa mtoto mchanga, anafungiwa kwenye kitambaa cheusi asipatwe na jicho. Mimi ni kifungua mimba wa mama yangu. Nililia pale pale na mkono umejaa wali.

Nilipomaliza nikaiga walivyofanya wenzangu, nikakunja jani. Nililikunja kwa kulisukuma mbele. Mzee aliyekaa mkabala nami akasimama, akanyoosha mkono juu ya meza, akalifungua jani langu lililojaa mabaki na kulikunja upya kuja upande wangu. Hakusema neno, akaenda kunawa. Jioni kijana wa mapokezi aliyejua Kiingereza ndiye aliyenieleza: kulikunja kuja kwako ni kusema umeshiba na utarudi. Kulisukuma mbele ni kwa chakula cha msibani.

Nilirudi kila siku mpaka tunaondoka. Yule mzee sikumwona tena.

Dereva wa Tunduma

Pole na hongera dada, mama apate heri. Mimi ni wa lori, Dar–Lubumbashi, mwaka wa kumi na moja sasa. Mahali pangu ni baa ya uani pale Lubumbashi, haina kibao, ina mwembe mmoja na viti vya plastiki.

Mwaka mmoja tulikaa foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku sita. Mwenye kuijua Kasumbalesa anajua: vumbi, maji ya kununua, unalala kwenye kabini na jicho moja wazi. Siku ya saba tukaingia Lubumbashi usiku, kama kilomita 90 tu lakini nilizihesabu moja moja. Mwenzangu Mkongo akasema leo hatupiki, twende tukale michopo.

Michopo ni mbuzi, lakini msiifananishe na nyama choma yetu. Nyama inakatwa vipande vidogo na mfupa wake, inachomwa juu ya makaa makali, kisha inamwagwa kwenye karatasi ya kaki pamoja na vitunguu vibichi na pilipili, inafungwa kama kifurushi, inaachwa itoe jasho humo ndani. Ukifungua, ule mvuke wa kwanza ndio bei yenyewe. Pembeni unapewa bukari. Bukari ni ugali, ila wao wanachanganya unga wa mahindi na wa muhogo, unavutika kidogo. Na Simba baridi, bia ya hapo hapo Lubumbashi, chupa kubwa mnayogawana wawili.

Mama mwenye baa alikuja kunisalimia. Tukaongea kidogo akaniambia, "Papa, Kiswahili yako iko nguvu." Nikashukuru sana, nikajua nimesifiwa. Mwenzangu akacheka mpaka akashika meza. Kule "nguvu" maana yake ngumu, mama alikuwa ananiambia hanielewi! Basi akavuta kiti, akaanza kunifundisha. Sombe ni kisamvu. Watu ni "batu", vitu ni "bintu". Saa tano usiku akatokea mzee na gitaa kavu, akapiga ule mtindo wa zamani wa Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Kongo, kidole gumba kinatembea na besi peke yake, vidole vingine vinaimba. Baa nzima ilinyamaza. Marehemu baba alikuwa anapenda muziki huo redioni, nami sikuwahi kufikiri kuna mtu bado anaupiga.

Nikipita Lubumbashi lazima nifike. Ushauri kwa atakayekwenda: dola zako ziwe safi. Noti yenye mpasuko hata wa ukucha hakuna anayeipokea.

Mkulima Masasi

Dada umenigusa kwenye mbaazi. Sijawahi kutoka nje ya nchi zaidi ya kuvuka Ruvuma, kwa hiyo mgahawa sina. Lakini sisi tunalima mbaazi, na tunajua zinakwenda India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje, bei huku ilianguka na magunia yakalala nyumbani. Miaka yote sikuwahi kujua wanazipikaje. Leo nimemsomea mke wangu habari ya ndoo na upawa. Anauliza, wanaweka nazi?

Mama Wawili, Nairobi

Kuhusu Addis, hebu nikusaidie. Nilikuwa huko 2019 kwa kozi ya wiki mbili.

Kwanza angalia ndege yenu inatua siku gani. Ikiwa ni Jumatano au Ijumaa umebahatika, kwa sababu Wakristo wa Orthodox wanafunga siku hizo, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na mikahawa mingi inapika chakula cha mfungo. Uliza "yetsom beyaynetu". Utaletewa sinia, injera, ule mkate wao mpana na mwembamba, imetandikwa kama mkeka, na juu yake vilima vidogo vidogo: shiro ya unga wa jamii ya kunde, dengu nyekundu zenye pilipili ya berbere, sukuma, kabeji na karoti, biti nyekundu. Nakuambia hivi pia kwa sababu kule nyama ya Waislamu na ya Wakristo huchinjwa mbalimbali, na mikahawa hutofautiana. Ukiwa Mwislamu na hujui pa kuuliza, sinia la mfungo halikupi shaka. Na kwa mgonjwa wa moyo mwambie mpishi apunguze chumvi na mafuta.

Injera ni chachu, mama akikunja uso mara ya kwanza usimwondolee. Tonge la tatu ndilo linaloamua.

Pahali pangu mimi palikuwa kibanda karibu na nilipolala, si mkahawa wa kusifika. Nilikuwa nakula peke yangu kila jioni. Siku ya nne mwenye kibanda, mama wa makamo, alinitazama nikimega, akaja, akakata injera, akaikunja na shiro ndani, akanitia mdomoni kwa mkono wake. Wanaita gursha. Nilikuwa na miaka 41 na mara ya mwisho kulishwa na mtu nilikuwa mtoto. Na haiishii tonge moja, nilitiwa la pili, nikaambiwa kwa ishara kwamba moja peke yake huleta ugomvi.

Kahawa: mkahawa wa Tomoca, ule wa tangu 1953. Unakunywa umesimama, kwa hiyo mama mtafutie pa kukaa. Au bora zaidi, kaa panapopikwa kwa jebena, birika lao la udongo, uone buni zikikaangwa mbele yako. Humiminwa mara tatu, abol, tona na baraka. Msiondoke kabla ya baraka.

Kijana wa Forodhani

Mimi ni mfupi wa maneno. Muscat, Ruwi, mishkaki ya ng'ombe kandoni mwa barabara, na muuzaji akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu, na bibi yake ndiye aliyezaliwa Malindi ya kwetu Unguja. Alikataa pesa yangu.

Lakini Mtanga, hukusema habari ya vitafunio. Kusini ya India si ndiko kwenye vitu kama vitumbua?

Mtanga wa Ngamiani

Ahsanteni sana. Mama Wawili, tunatua Ijumaa! Nimeshaandika "yetsom beyaynetu" kwenye kikaratasi. Dereva, hiyo ya "nguvu" nimemsomea mama, kacheka akashika kifua nikaogopa.

Mkulima, mwambie shemeji yangu kwamba sambari niliyokula haikuwa na tui. Nazi wanaikuna na kuisaga na pilipili mbichi, inakuwa chatine ya pembeni. Ila zipo nyumba zinazosaga nazi na viungo zikatia humo humo mchuzini.

Kijana wa Forodhani, ndiyo, wanaita paniyaram. Chuma chake ni kile kile cha vitumbua, mashimo yale yale, na wanageuza kwa kijiti. Vipo vya sukari guru na vya chumvi, vyenye kitunguu, pilipili na mbegu za haradali. Pale messi vinatoka jioni. Mama alipohamishiwa wodini daktari aliruhusu ale kidogo, nikampelekea vitatu vya sukari kwenye jani. Alikuwa hajaongea siku mbili zaidi ya ndiyo na hapana. Akakishika kimoja, akakigeuza chini akatazama kilivyoungua, akaniuliza, "Nani kakupikia vitumbua huku? Mbona hakutia iliki ya kutosha?"

Nilinunua chuma kimoja sokoni, kizito, cha mashimo saba. Ndicho anachopikia mpaka leo. Safari hii ameniambia nimpeleke kwa huyo mpishi, na iliki amekwisha kuifunga kwenye mkoba.